TV imefungwa kama mbuzi wa Idi

Jamani mimi nimechoka na hata sijaanza kutazama. TV nimeinunua Mombasa, inchi 43, na kabla hujaniuliza hizo inchi wanapima mshazari, pembe hadi pembe, si ubavu kwa ubavu, hilo nimelijua baada ya kupima ukuta wa ukumbini asubuhi nzima na kumtangazia mke wangu kuwa haiingii, yataka sentimita 109, kumbe upana wake haufiki hata mita. Alinitazama tu. Hakusema kitu na hiyo ndo mbaya zaidi.

Mwenye duka aliniusia, shekhe hii hailazwi, kioo chake chembamba kama chapati ya mtu bahili, ukiilaza yapinda kwa uzito wake yenyewe. Sawa. Sasa hebu wewe nenda kamwambie utingo wa basi. Niliiacha imesimama wima baina ya viti, nikashuka Malindi kuswali, kurudi naikuta imelala chali, juu yake gunia la vitunguu, na juu ya gunia mtu mzima amekaa anakula embe, tena akanikaribisha! Kutoka hapo hadi Mokowe, kwenye gati ya boti za Lamu, nimeipakata mwenyewe kama biharusi, kila tuta la barabarani nalijua kwa magoti.

Ukishuka boti Lamu ndo kasheshe yenyewe. Kitabu kilichokuja na TV chasema ibebwe na watu wawili, washike kingo za fremu, wasibonyeze kioo. Watu wawili! Kichochoro chetu chapita mtu na nusu, na hiyo nusu ni punda. Tulikuwa katikati mimi na kijana wa jirani, tunatembea kiubavu kama kaa, mara nyuma twasikia "simile! simile!" punda kabeba mawe huyo, na punda wa mawe hana breki wala hajali una risiti. Tuliinyanyua juu ya vichwa punda akapita chini.

Kitabu nimekisoma chote, tena kwa miwani. Usiiweke karibu na maji. Mimi naishi kisiwani yakhe. Usiiweke penye unyevu, usiiweke penye vumbi, usiipige jua. Sasa nihamie wapi?

Haya, fundi akaja kutundika. Ukuta wa marehemu babu ni matumbawe na chokaa, unene wake dhiraa moja na zaidi, ukiutazama wasema huu wabeba meli. Fundi katia drili, ukuta ukaanza kumwaga mchanga kama gunia lililotoboka. Akatia plagi ya plastiki, ile ya kushikia skurubu, ikazunguka ndani ya shimo kama jino la mzee. Akasogea kidogo akatoboa tena. Akasogea tena. Alipofika shimo la sita mashimo matatu yalikuwa yameungana yakawa moja la kupita paka, na majirani washajaa mlangoni, maana huu mji UNESCO iliuandika kwenye turathi za dunia 2001 na toka siku hiyo ukishika nyundo tu watu wakutazama kama wataka kubomoa msikiti. Fundi ati, "Mzee wangu tatizo si mimi, ni nyumba." Nyumba! Iliyokuwepo kabla ya babake kuzaliwa! Wenye kujua wanasema kuta kama hizi wafunga kwanza ubao mpana kwa misumari mingi mirefu ndo uzito ugawanyike, halafu braketi, kile chuma cha kushikia TV, yakaa juu ya ubao, lakini yeye ubao hakuja nao, alikuja na njaa.

Tena nilimkamata ataka kutia skurubu ndefu nyuma ya TV kwenye yale matundu manne ya kufungia braketi, ati ndefu ndo imara. Ndefu yaingia hadi matumboni ikatoboa vya ndani, fundi! Nikamlipa nauli aende zake.

Aliyeniokoa ni ami yangu nahodha. Akasema weka juu ya kabati fupi, lakini uifunge. Na hapo sikucheka, maana nina mjukuu wa miaka miwili anapanda droo kama ngazi, na TV ikimuangukia mtoto hayo si mazungumzo ya barazani tena. Ami akaleta kamba ya jahazi, akapitisha nyuma kwenye matundu ya braketi, akaifunga kwenye ile nondo ya dirisha, fundo ambalo mpaka leo sijui lafunguliwaje. Wageni wakija hawaulizi picha safi au vipi, wauliza hii TV imekosa nini.

Na stima nayo. Yakatika kwa adabu yarudi kwa matusi, kwa hivyo nimenunua gadi, ile ya kukinga TV stima ikirudi kwa nguvu, TV ipate soketi yake peke yake. Wiki haikwisha nakuta kwenye ile gadi pamechomekwa ekstensheni, na kwenye ekstensheni friji, pasi na chaja nne. Nikipiga kelele naambiwa mbona yashika. Masika ndo kabisa, mbingu ikikohoa tu mke wangu keshachomoa kila waya mpaka wa antena, hapo ana haki, radi haibishi hodi, lakini mbona yaunguruma kila mpira ukifika dakika ya 80?

Bi mkubwa yeye kaifumia kitambaa cheupe cha maua, kaifunika juu mpaka matundu ya hewa nyuma. Nikamwambia mama hii yapumua. Akanijibu, "Mwanangu, hata mimi napumua na nimevaa buibui." Nikakitoa usiku, asubuhi kimerudi.

Mwisho nikaivuta kabati mbele, nikaacha sentimita kumi nyuma ipite hewa joto litoke, kama kitabu kilivyosema. Nikakaa, nikashika rimoti, nasikia TV yakoroma. Nachungulia nyuma, paka wa jirani keshajua kuna joto, kajilaza pale pale pa hewa, na yuko na watoto watatu.