Bolti kuingia si hoja

Mimi ni fundi wa ndege hapa Mwanza. Kila mwaka hunijia vijana wawili watatu, wengi wao watoto wa Nyakato na Igoma waliokulia gereji. Hunisubiri nitoke kazini, tunakaa kwa mama lishe njia ya Airport, na swali huwa lile lile: "Kaka, spana mimi nazijua. Kwenye ndege nianzie wapi?"

Nawapenda. Kijana wa gereji ana mikono ambayo darasa haliwezi kumpa mtu. Anasikia injini ikikohoa kabla dereva hajajua. Ila anakuja na ugonjwa mmoja, nami nauita ugonjwa kwa sababu niliuugua mwenyewe. Anajua kutengeneza kitu bila kifaa chake. Fuso ikikatika springi huko Magu, fundi atafanya ujanja na mzigo utafika mjini. Injini ya mtumbwi ikizima katikati ya ziwa, mtu ataifufua kwa kipande cha ndala. Mtaani huo ndio ufundi wenyewe, na anayeuweza huitwa mkali. Ukiuleta hanga, banda la kutengenezea ndege, utafukuzwa, na watakuwa wamekutendea haki.

Wiki ya tatu ya mafunzo yangu niliambiwa nirudishie nati ya ekseli na kotapini yake, kile kipini cha kuzuia nati isijifungue. Kotapini niliyoitoa niliiona bado nzima, nikainyoosha kwa plaizi kama nilivyozoea, nikaichomeka, nikaipinda. Mzee aliyekuwa akinifundisha akaja na tochi yake, akaangalia, akaniambia niitoe. "Hii mpya umeichukua stoo saa ngapi?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, ile ya zamani bado ilikuwa nzima." Sijui hata salamu iliingiaje pale, nadhani ni woga. Akaishika ile kotapini, akaikunja na kuikunjua, akaikunja tena, ikakatika mikononi mwake. Kisha akanituma stoo. Kotapini ya ndege hutumika mara moja, ikitolewa ni takataka, hata kama inang'aa.

Anayedhani kosa hilo ni la wanagenzi peke yao asome kisa cha Birmingham, Uingereza, mwaka 1990. Kiongozi wa zamu, fundi mzoefu aliyeheshimika, alibadilisha kioo cha mbele cha ndege aina ya BAC 1-11 usiku wa manane. Kioo kile kilishikwa na bolti 90. Hakufungua kitabu cha orodha ya vipuri; alichukua bolti ya zamani akalinganisha kwa macho. Mtunza stoo alimtajia namba ya bolti inayotakiwa, yeye akaamini macho yake. Bolti 84 alizofunga zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa, kwa tofauti isiyofika hata milimita moja. Ziliingia, zikakaza. Tarehe 10 Juni ndege ikapaa kwenda Málaga, na kwenye futi 17,300 kioo kikang'oka. Rubani akavutwa nje kiwiliwili, wahudumu wakang'ang'ania miguu yake mpaka msaidizi wake alipotua Southampton. Rubani huyo alipona, jambo ambalo hadi leo nikilifikiria natikisa kichwa.

Kuna sehemu ya kisa hicho watu huiruka, na kwangu ndiyo nzito. Zile bolti za zamani alizokuwa akizilinganisha nazo hazikuwa sahihi, zilikuwa fupi. Kuna mtu alikosea kabla yake, na ndege ikaendelea kuruka. Kwa hiyo kijana akiniambia "nimerudisha kama nilivyokuta", humuuliza: uliyoyakuta, nani alikuhakikishia?

Fungua kitabu cha matengenezo. Najua wengi wenu mnaogopa Kiingereza chake. Kiingereza hicho kimerahisishwa makusudi, sentensi fupi, neno moja maana moja, kwa kuwa mafundi wengi duniani hawakuzaliwa nacho. Miezi sita ya kukisoma kwa bidii inatosha. Mimi barua ya Kiingereza bado naandikiwa na binti yangu, lakini kitabu cha matengenezo nakisoma bila kamusi.

Halafu kuna mambo ya huku ziwani. Wadudu wa ziwani huja kama moshi na kuganda kila mahali, na nyigu wa udongo wanapenda sana tundu dogo lililotulia. Kile kimrija kinachopima kasi ya ndege ni nyumba nzuri kwao. Mwaka 1996 ndege ya Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Jamhuri ya Dominika, watu 189 wakafa. Wachunguzi waliona yaelekea kimrija kimoja kilizibwa na kiota cha nyigu, maana ndege ilikaa chini siku nyingi, na siku za mwisho vimrija havikuvishwa vifuniko. Ukitumwa kuvisha vifuniko jioni usinung'unike kwamba unapewa kazi za kitoto. Na asubuhi uvihesabu ukivitoa.

Pete vua. Masikio yazibe, kiziwi hapati fidia ya maana. Usipite mbele ya panga la ndege hata injini ikiwa imezimwa, ili mwili uzoee. Kuhusu leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ni safari ya miaka, na posho ya mwanzo ni ya kugawana na daladala, jipange.

Lililobaki ni gumu kulifundisha. Usiku mmoja nilipoteza nati ndogo nikifanya kazi karibu na nyaya za usukani wa ndege. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyeniona. Nilisema. Ndege ikazuiwa, tukatafuta mpaka karibu saa sita mchana, abiria wa asubuhi wakasogezwa, na bosi mmoja akanifokea mbele ya watu. Nati ilikuwa kwenye pindo la ovaroli yangu. Yule bosi alikosea, nalisema wazi: ukimfokea anayesema, kesho watanyamaza wote. Mzee wangu yeye alicheka tu, akaniambia nishone mapindo yale.

Niliyashona. Juzi kijana mmoja wa Igoma alinipigia akiuliza anunue seti gani ya spana kabla ya kuripoti. Nikamwambia anunue tochi nzuri na kaunta buku, na ovaroli yake aipeleke kwa fundi cherehani.