Kupiga kelele Kitum: turuhusu au tukataze?

Kundi la wanafunzi likifika pango la Kitum, Mlima Elgon, kuna mmoja atakayepiga ukelele kabla mwongozaji hajamaliza salamu, asikie kama pango litamjibu. Wapo wanaotaka hilo lipigwe marufuku. Wengine wanauliza: mtu atoke Kitale, alipe kiingilio cha mbuga, halafu anyimwe hata mwangwi?

Wote wana hoja, ila marufuku hutetewa kwa hoja isiyofaa: eti kelele huangusha paa. Sauti ya binadamu haina nguvu hiyo. Mwamba wa Kitum ni majivu ya volkeno yaliyoshikamana, si mgumu sana, na ndovu wameuchokonoa kwa pembe miaka na miaka wakitafuta chumvi. Mawe kuanguka si ajabu.

Na huo mwangwi wenyewe? Sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde, na sikio huhitaji kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kutenganisha jibu na mlio wa kwanza, hivyo ukuta uwe mita 17 au zaidi kutoka uliposimama, kwenda na kurudi mita 34. Kitum huingia mlimani kama mita 200, kwa hiyo nafasi ipo. Lakini kuta zimejaa mashimo na sakafu ni vumbi na mavi ya popo. Milio myembamba humezwa, na ile mizito hurudi vipandevipande kutoka kila upande. Watoto thelathini wakiongea kwa pamoja, maneno ya mwongozaji hugeuka mvumo mtupu. Makingeny, pango jirani, maji yanayoporomoka mlangoni yana kelele zao tayari.

Hoja nzito ni popo. Popo-matunda wa jenasi ya Rousettus hujiongoza gizani kwa kualisha ulimi na kusikiliza mwangwi wake. Sauti zetu ni nzito kuliko milio hiyo ya ulimi, kwa hiyo sidhani tunawapoteza njia. Tunachofanya ni kuwakurupusha, na wakikurupuka wanaruka juu ya vichwa vyetu huku wakidondosha kinyesi. Hao ndio wanaojulikana kubeba virusi vya Marburg, vinavyoleta homa hatari ya kutokwa damu, na wagonjwa wawili wa homa hiyo, wa 1980 na 1987, walikuwa wamezuru Kitum kabla ya kuugua. Isitoshe, ndovu akiwa ndani ya giza lile, masikio ndiyo yatakayokuambia kwanza.

Mimi ningeruhusu makofi mlangoni, mwanga unapofika bado, na mwongozaji amalize maelezo yake yote hapo hapo. Kuanzia pale tochi zinapowashwa, kimya, na watu waingie kumi kumi.