Ukibadili ekzosi ya DT, jiandae kugusa kabureta

Vijana wengi siku hizi wanafufua pikipiki za zamani za Yamaha DT, zile za cc 100 na 125 ambazo miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa za mapadri, mabwana shamba na waganga wa zahanati. Wanazikuta nyuma ya nyumba za wastaafu, zimefunikwa turubai. Wanaosha tangi, wanapiga rangi, wanatafuta tairi. Kisha linakuja swali: "Kaka, niweke ekzosi gani?" Nikiuliza iliyopo ina kasoro gani, mara nyingi jibu ni mlio. Hailii vya kutosha.

Kwangu mimi, mlio ndiyo sababu mbaya kuliko zote ya kubadili ekzosi ya tustroki, yaani injini ya mipigo miwili kama ya DT. Kwenye Boxer ya bodaboda, ambayo ni fostroki, yaani ya mipigo minne, unaweza kukata bomba, ukapiga kelele mtaa mzima, na injini ikavumilia. DT haikuvumilii. Ekzosi yake ni sehemu ya injini sawasawa na pistoni na kabureta, na ukiigusa umegusa vyote.

Tustroki haina valvu za kufungua na kufunga moshi. Pistoni ikishuka inafunua tundu la moshi ubavuni mwa silinda, na muda mfupi baadaye inafunua njia za mchanganyiko mpya wa petroli na hewa. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho milango yote iko wazi, na sehemu ya petroli yako inatokea mlango wa nyuma kabla haijaungua. Hapo ndipo lile bomba linaloanza jembamba, likanenepa katikati, kisha likafinywa tena mwishoni linapofanya kazi. Moshi ukitoka unatanguliwa na wimbi la mgandamizo. Wimbi likifika kwenye sehemu inayopanuka, linarudisha mvuto unaosaidia kufyonza moshi uliobaki na kuvuta mchanganyiko mpya juu. Likifika kwenye koni ya mwisho inayofinywa, linagonga na kurudi kama mgandamizo, nalo linaisukuma ile petroli iliyotoroka irudi ndani ya silinda sekunde chache kabla tundu halijafungwa. Nimesema sekunde chache? Ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Ni kazi ya konda wa daladala anayesukuma abiria wa mwisho mgongoni huku mlango unafungwa.

Hesabu yake haina uchawi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ni mara 100 kwa sekunde. Tundu la moshi likiwa wazi kwa takriban nusu ya mzunguko, hizo ni milisekunde 5. Kwenye moshi wa moto, wimbi linakwenda kama mita 500 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya muda huo lina nafasi ya kusafiri mita mbili na nusu, kwenda na kurudi. Pandisha hadi 9,000 na nafasi inabaki mita moja na sentimita 67 hivi. Ndiyo maana bomba la mashindano ni fupi na la safari ni refu, na ndiyo maana hakuna bomba moja linalotoa nguvu kila mahali. Anayekuuzia na kukuambia litakupa nguvu chini, kati na juu, mwulize limeongezwa nini.

Aliyelichimba jambo hili kuliko wote ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya mashindano ya cc 125 ilikuwa inatoa nguvu za farasi 25 hivi, sawa na 200 kwa kila lita, jambo lililokuwa halijawahi kufikiwa na injini ya kawaida isiyosukumiwa hewa kwa pampu. Septemba mwaka huohuo mpandaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden akaenda kujiunga na Suzuki, na maarifa ya Zschopau kichwani. Mwaka 1962 Suzuki ikatwaa ubingwa wa dunia wa cc 50, Degner akiwa juu ya pikipiki. Mtu aliacha nchi yake, na siri kubwa aliyobeba ilihusu umbo la bomba la bati. Halafu wewe unataka kulitoboa kwa msumari ili lilie.

Sasa, kabla hujanunua chochote, fungua uliyonayo. DT iliyokaa miaka na kunywa oili ya kila aina huwa imejaa masizi mazito ndani, hasa kwenye kile kibomba cha mwisho chenye matundu, ambacho kwa pikipiki nyingi za aina hii kinachomolewa kwa kulegeza bolti. Kichomoe, kichome moto, kisugue kwa brashi ya waya. Mwili wenyewe unalowekwa kwa kostiki soda usiku kucha, ukiwa na glavu na macho yamekingwa, kisha unasuuzwa mpaka maji yatoke safi. Nimeona DT zilizosemwa zimechoka injini zikaamka kwa kazi hiyo tu. Wenyewe walikuwa tayari kutoa laki kadhaa.

Kama bati limeoza kweli, chaguo langu la kwanza ni ekzosi ya kiwandani iliyotumika, hata kama ina kovu la kuchomelewa. La pili ni iliyotengenezwa nje kwa kufuata vipimo vya kiwandani. Za mashindano naziweka mwisho, na sizifichii chuki yangu. Pikipiki hii utaipandisha Kibosho na abiria, utaipitisha kwenye tope la masika kwa gia ya pili. Unahitaji nguvu ya chini. Bomba linaloamka kwenye mizunguko 8,000 litakufanya uchezee klachi mlima mzima. Kuna pia mafundi wa bati, mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam na kwingineko, wanaoweza kukunja koni vizuri kuliko unavyodhani. Wape ya zamani waipime, wasikisie. Urefu wa kila kipande na upana wa kibomba cha mwisho ndivyo vitu vya kubishana navyo. Kibomba hicho kikiwa chembamba mno joto linarudi kwenye pistoni. Kikiwa kipana mno, wimbi linapoteza nguvu. Kwa hiyo hata lile wazo la kukipanua kidogo lina bei yake.

Bomba limeshafungwa kwenye pikipiki? Angalia kwanza kama linavuja kwenye maungio na silinda. Gasketi mpya, springi zenye mvuto, na pakaza maji ya sabuni injini ikiwa bado ya baridi uone kama povu linatoka. Usiguse kabureta mpaka hapo pakae sawa, maana utakuwa unarekebisha tatizo la gasketi kwa jeti, kile kipande chenye kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta.

Kabureta unaianza kwa kuitajirisha, yaani kuipa petroli zaidi. Weka jeti kubwa iliyo namba mbili tatu juu ya ile ya kiwandani, kisha shuka hatua kwa hatua. Ikiwa na petroli nyingi itakohoa, itatoa moshi, itakuudhi. Ikiwa na kidogo itakimbia vizuri mno, nyepesi, yenye furaha, mpaka ishike, yaani pistoni ikwame ndani ya silinda kwa joto. Jeti kubwa inatawala resi ikikaribia kufunguka yote. Katikati ni kazi ya sindano, na kile kipini kidogo kinachoishikilia ukikishusha mfereji mmoja sindano inapanda na petroli inaongezeka. Chini kabisa ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Watu wengi wanakesha na skrubu hiyo kwa sababu haihitaji kufungua kitu, huku tatizo liko juu.

Kupima, tia plagi mpya. Tafuta barabara tambarare isiyo na watu, gia ya juu, resi yote kwa nusu kilomita hivi, kisha kata swichi na ushike klachi kwa pamoja. Usiiache ingurume pale imesimama, itakudanganya. Toa plagi utazame kauri chini kabisa, karibu na inapoingia kwenye chuma. Kahawia, uko salama. Nyeusi na yenye unyevu, punguza. Nyeupe, acha kuendesha.

Kwenye gereji moja mjini Moshi nilimkuta kijana aliyerudisha DT yake juu ya pikapu, ina bomba jipya linalong'aa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imeshikia wapi?"

"Mbele ya Mombo. Ilikuwa inakimbia vizuri kweli."

Mzee hakujibu. Alitoa plagi, akaifuta kwenye suruali, akaigeuza kwenye mwanga. Kauri ilikuwa nyeupe, na juu yake kulikuwa na vitone vidogo vinavyometa.

"Unaviona hivi? Hii ndiyo pistoni yako, mwanangu."

Kijana hakuwa mzembe. Alikuwa ameiseti Arusha, akapima plagi, ikawa kahawia. Lakini Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 unazopanda hewa inapungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi. Jeti inayotosha kule haitoshi Korogwe, ambako uko chini ya mita 400 na hewa ni nzito. Joto la huko linapunguza tofauti kidogo, halitoshi kuiziba. Ongeza bomba jipya linalovuta zaidi, ongeza barabara iliyonyooka na resi iliyofunguliwa muda mrefu, na hicho ndicho kilichomkuta. Kwa hiyo anayeishi juu na kusafiri pwani namshauri aiseti kwa ajili ya pwani, akubali iwe nzito kidogo nyumbani. Ama abebe jeti ya pili mfukoni na asimame Same kuibadilisha. Ni kazi fupi, ukiwa na bisibisi inayofaa.

Wenye fostroki za zamani, Honda XL na wenzake, mambo yenu ni mepesi zaidi na sitawachosha. Ukifungua ekzosi na ikaanza kupiga baruti unapoachia resi, tafuta uvujaji kwanza, kisha ongeza jeti. Bomba la kromu likigeuka buluu, usililaumu bomba kabla hujaangalia mchanganyiko na taimingi.

Na ile ekzosi uliyoitoa, hata kama imetoboka, usimpe mtu wa chuma chakavu. Ipake oili, ifunge kwenye kiroba pamoja na jeti zake za kiwandani, andika namba zake kwa kalamu. Mnunuzi wa DT anayejua anachotafuta, akishaona kadi, kinachofuata anauliza kama bomba lake la asili bado lipo.