Siku Nilipolisamehe Deni la Mtaa Mzima

Mwaka 2013 nilikuwa mtu wa kutegemewa mjini Lamu kwa sababu moja tu: nilikuwa nimekaa Mombasa miezi minane nikisomea kompyuta, na katika mji ambao mizigo hubebwa na punda kwa kuwa vichochoro vyake havipitishi gari, kijana aliyeweza kuandika amri kwenye skrini nyeusi bila kugusa kipanya alipewa heshima ambayo kwa kweli hakuitolea jasho. Heshima hiyo ndiyo iliyonifikisha dukani kwa Ami.

Ami ni binamu wa marehemu baba yangu, na duka lake la jumla liko upande wa Langoni, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Huuza mchele, unga, sukari, saruji, misumari na kamba za mashua, na zaidi ya vyote huuza kwa mkopo. Nahodha huchukua kamba akalipa akirudi kutoka baharini, mama wa mahamri huchukua unga Jumatatu akalipa Alhamisi, na mwashi huchukua saruji akalipa siku ambayo mwenye nyumba atakumbuka kumlipa yeye. Deni hilo lote lilikuwa ndani ya faili moja ya lahajedwali ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeitengeneza, na kijana wa kaunta aliijaza kila jioni. Katika mstari wa 214 wa faili hiyo palikuwa na jina langu, na mbele yake shilingi 7,430. Namwomba msomaji autie moyoni mstari huo.

Faili hiyo haikuwa na tatizo lolote, na labda hilo ndilo lililoniudhi, kwa maana fundi hawezi kukaa karibu na kitu kizima kwa muda mrefu. Nikamshawishi Ami kwamba duka la kiwango chake lastahili hifadhidata ya kweli, yaani programu ya kutunza rekodi nyingi kwa mpangilio. Nilichagua Oracle Database 11g Express Edition, toleo la bure lililotoka mwaka 2011, ambalo hukubali kuhifadhi data hadi gigabaiti 11 na hutumia kumbukumbu ya gigabaiti 1 na prosesa moja, hata likiwekwa kwenye mashine kubwa kiasi gani. Ami aliuliza bei. Nilipomjibu kwamba ni bure, aliacha kuhesabu tasbihi.

"Cha bure, mwanangu, huja na masharti."

Masharti yalikuwapo kweli, kurasa kadhaa, nami nilikuwa nimeyasoma kama tusomavyo maandishi yaliyo nyuma ya tiketi ya basi. Sharti moja tu nililihakiki mapema, nalo ni kwamba toleo hilo kwa upande wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, limeundwa kwa mashine za biti 64 pekee. Kwa hiyo seva niliyomnunulia Ami Mombasa, mashine kuukuu iliyosafiri kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa mashua, kisha juu ya punda ambaye aliibeba kwa uangalifu kuliko nilioufanya mimi baadaye, ilikuwa ya biti 64. Ilikuwa pia na kumbukumbu ya gigabaiti 1 na diski ya gigabaiti 80. Niliiwekea CentOS 6, aina mojawapo ya Linux, kwa mkono wangu, na kwa kuwa nilijiona mbahili mwenye busara, sikuitengea nafasi yoyote ya swapu, yaani sehemu ya diski ya kuisaidia kumbukumbu inapojaa.

Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi. Wazee walikuwa wameketi barazani na kahawa yao, na Ami, ambaye hapokei hata gunia bila kulifungua, alitaka nimsomee kwa sauti kila kitu ambacho programu hiyo ingedai kabla ya kuingia dukani mwake. Nikaanza na vipimo vya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Nilimweleza kwamba mfumo unapaswa kuruhusu faili 6815744 kufunguliwa kwa wakati mmoja. Ami akaitazama rafu yake, ambayo ilikuwa na majalada matatu, mojawapo likiwa limeliwa na mchwa. Nikaendelea kusoma kwamba poti za mawasiliano zinatakiwa zianzie 9000 na kuishia 65500.

"Poti, yaani bandari?" akauliza.

Nilisema kwamba ni kitu kama hicho, kosa ambalo mtu hulifanya mara nyingi akiwa na haraka.

"Serikali mwaka jana ilikuja hapa na viongozi wa nchi tatu, ikasema itajenga gati 32, na mpaka leo sijaona hata moja. Wewe wataka elfu ngapi ndani ya duka langu?"

Baraza lilicheka mpaka kahawa ikamwagika, nami nikaona ni vyema kuacha kusoma na kuanza kutenda. Uamuzi huo uligharimu sana, kwa sababu mistari niliyoiruka ndiyo iliyozungumzia swapu. Vifurushi vidogo ambavyo programu hiyo huvitegemea, yaani libaio na bc, vilishuka kwa modemu kwa mwendo wa kobe, vikaingia bila maneno. Nikaingiza amri ya kusakinisha. Mashine ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwamba mfumo huu haujatimiza kiwango cha chini cha swapu, kwamba kwa kiasi cha kumbukumbu kilichomo zahitajika megabaiti 2048, na kwamba zilizopo ni 0. Ujumbe huo haukuwa na ukali wowote. Ni ile sifuri iliyonichoma, kwa kuwa ilikuwa sifuri yangu.

Ami alitaka kujua kilichokataliwa, nikamweleza kwa lugha ya duka. Kumbukumbu ya mashine ni kama kaunta: kila kinachohudumiwa sasa hivi huwekwa juu yake. Kaunta ikijaa, vitu visivyotumika kwa wakati huo hupelekwa ghala la uani na kurudishwa vinapohitajika, na ghala hilo, ambalo huwa kwenye diski, ndilo swapu. Hifadhidata hii yataka ghala lililo mara mbili ya kaunta au gigabaiti 2, ile iliyo ndogo kati ya hizo. Kwa kuwa kaunta yetu ilikuwa gigabaiti 1, hesabu zote mbili zilitoa jibu lilelile, nami nikaokoka kufanya hesabu mbele ya mfanyabiashara.

"Basi mtafutie ghala," akasema Ami.

Ziko njia mbili za kupata swapu kwenye Linux iliyokwisha kuwekwa. Ya kwanza ni kuunda faili tupu ya megabaiti 2048, kuitia alama ya swapu na kuiwasha, kazi ya amri tatu au nne ambayo haigusi kitu kingine chochote. Ya pili ni kuitolea sehemu nzima ya diski, yaani patisheni. Mwalimu wetu alikuwa amewahi kusema kwamba mafundi wa kweli hutumia patisheni, na siku hiyo, mbele ya baraza lile, mimi nilikuwa fundi wa kweli.

Nikaandika df ili nione diski ilivyogawanywa. Patisheni ya tatu ilikuwa ya gigabaiti 20, imetumika asilimia 1, na jina lake lilikuwa "akiba". Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti ndani ya kanzu ya Idi iliyopita. Akiba! Nafasi ya ziada, nikajisemea, niliyoiweka kando kwa siku kama hii. Kwa kweli jina hilo nililitoa mimi, miezi mitano nyuma, siku niliyoihamishia humo faili ya madeni, nikiwaza kwamba deni ni akiba ya mwenye duka. Niliona neno, nikasahau maana. Tena, nani angedhani kwamba saruji yote ile, mchele wote ule na kamba zote zile, jasho la miaka mitano la mtaa mzima, haviwezi kujaza hata asilimia mbili za diski?

Ili msomaji asije akailaumu mashine, naomba nishuhudie kwamba ilinikataza mara mbili. Nilipoandika mkswap, ilijibu kwamba patisheni hiyo imepachikwa na inatumika, kwa hiyo haitaigeuza kuwa swapu. Mtu mwingine angejiuliza inatumiwa na nani. Mimi niliandika umount ili niichomoe. Ikajibu kwamba haichomoki, ina shughuli. Nikageuka nikamwambia kijana wa kaunta afunge chochote alichokifungua.

"Niihifadhi kwanza?" akauliza.

"Ihifadhi," nikamjibu kwa upole wa mtu mkubwa.

Akaihifadhi vizuri sana, akaifunga. Nikaichomoa patisheni, nikaandika mkswap, kisha swapon, na kazi yote haikuchukua muda wa kumeza funda la kahawa. Safari hii programu iliingia bila kulalamika. Kwenye usanidi iliniuliza poti ya ukurasa wake, 8080, na ya msikilizaji wa maunganisho, 1521, ikataka nenosiri, ikaniuliza kama iwake yenyewe seva inapowashwa, nami nikaikubalia kila kitu. Kwa kuwa kaunta ya gigabaiti 1 ni finyu kwa mgeni wa namna ile, mashine ilianza mara moja kulitumia ghala jipya, na taa ya diski ikawa inapepesa bila kupumzika. Nilimwita Ami aione taa hiyo, nikamwambia kwamba huo ndio uhai wa hifadhidata. Kumbe kila ilipopepesa, kulikuwa na mtu anasamehewa unga.

Mambo yalifichuka baada ya swala ya adhuhuri, na yalifichuliwa na muujiza mdogo: nahodha mmoja alikuja kulipa bila kuitwa. Kijana wa kaunta aliketi, akatafuta, akatafuta tena, akasema kwamba faili haionekani. Nikamuuliza kwa ujuvi aliiweka wapi.

"Pale pale siku zote. Kwenye akiba."

Nilisikia masikio yangu yakilia. Nilizima swapu, nikakumbuka kwamba ext4, mfumo uliokuwa ukipanga faili kwenye patisheni ile, huweka nakala za kichwa chake mahali kadhaa, nikaiendesha fsck, amri ya kukarabati mfumo wa faili, kwa kutumia nakala iliyo kwenye bloku ya 32768, na kwa dakika chache nikaamini kwamba Mola amenistiri. Ni kweli kwamba mkswap peke yake huharibu mwanzo tu wa patisheni, na mtu akishtuka mapema huweza kuokoa vilivyobaki. Mimi nilikuwa nimeipa mashine nafasi ya kuandika juu yake kwa saa mbili nzima. Zilirudi faili tatu zisizo na majina: ratiba ya futari ya mwaka uliopita, picha ya punda wa Ami akiwa amevaa kofia, na nusu ya faili ya madeni. Nusu hiyo haikuwa na faida, kwa kuwa faili ya lahajedwali ya aina ile hubanwa yote kuwa furushi moja, na furushi likikatika aghalabu halifunguki. Nakala nyingine? Nilikuwa nimepanga kuiandaa hifadhidata ikishakamilika.

Habari ilitoka kwa nahodha, ambaye alirudisha pesa mfukoni akisema kwamba angengoja kompyuta ipone kwanza. Kufikia alasiri Langoni yote ilikuwa inajua, na magharibi ilipoingia habari ilikuwa imefika Mkomani. Sijawahi kupendwa namna ile. Mama wa mahamri aliniletea mahamri sita kwenye kitambaa safi, akaniombea dua ndefu. Mwashi alinishika mkono akanihakikishia kwamba hakuwahi kudaiwa, na kwamba sasa hata mitambo imeshuhudia. Mzee mmoja wa barazani aliniuliza kwa sauti ya chini kama nafanya kazi hiyo hiyo kwenye maduka mengine, kwa maana kulikuwa na moja karibu na gati alilotamani nilitembelee.

Ami hakupiga kelele. Alisubiri watu wapungue, akaniuliza swali moja.

"Na lako lilikuwa kiasi gani?"

"Shilingi 7,430, Ami."

"Nalo limekwenda?"

"Limekwenda."

Aliniangalia muda mrefu, nami nikaona jinsi mambo yalivyoonekana kutoka upande wake wa kaunta. Nilijaribu kumweleza kuhusu patisheni na akiba, na kila nilivyozidi kueleza nilizidi kufanana na mwizi aliyesoma. Nilipofika nyumbani, mama alinipakulia chakula, akaketi mbele yangu, akaniuliza kwa nini sikumwomba yeye hizo pesa.

Kesho yake Ami aliniita. Juu ya kaunta palikuwa na daftari nene lenye jalada la kitambaa. Kumbe kila usiku, kijana akiisha kuondoka, yeye alikuwa akiandika upya mauzo yote ya siku, Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, kama alivyofundishwa na baba yake, na hakuwahi kumwambia mtu kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Kijana wa kaunta hakuweza kuisoma khati hiyo. Mimi niliisoma kwa mwendo wa mtoto wa chuoni, kidole chini ya kila neno. Nikatengeneza swapu upya, safari hii kwa faili ya megabaiti 2048, mbele ya Ami aliyetaka kuambiwa kabla ya kila amri itagusa nini. Kisha nikakaa usiku kumi na moja nikilihamisha daftari kwenye hifadhidata, huku wadeni wakipita mlangoni na kuniangalia kama mtu aliyewasaliti. Mama wa mahamri alikuja kuchukua kitambaa chake.

Ami alikuwa na sharti moja kwa upande wake: rekodi nambari 1 iwe yangu. Nilipofungua ukurasa wangu kwenye daftari nilikuta shilingi 8,150, kwa sababu kijana wa kaunta, kwa adabu, hakuwa akiziingiza kwenye kompyuta soda nilizokunywa nikiwa kazini. Deni hilo nililimaliza mwaka 2014. Hata hivyo rekodi ingalipo, ikiwa na salio la sifuri, kwa kuwa kila asubuhi kijana huiita kwanza ili ajue kama mashine imeamka salama, na siku niliyoomba niiondoe Ami alisogeza kibao cha vibonye mbali na mkono wangu, akasema kwamba mambo ya kufuta katika duka lile atayafanya mtu mwingine.