Timu ya Baba na Timu ya Mji

Watanzania tuishio nje hupenda kuamini kwamba mtoto aliyezaliwa ugenini atabaki Mtanzania iwapo atajua kula ugali kwa mkono, kuwaamkia wakubwa shikamoo na kuvaa kitenge kwenye sherehe ya Uhuru inayoandaliwa na jumuiya yetu kila Desemba. Sina ugomvi na mambo hayo, na pilau ya sherehe hizo huwa naila mpaka ukoko. Hata hivyo, baada ya kulea watoto wawili katika mji wa Sunderland, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, naona kwamba kilichowafunga na ukoo wao kuliko sherehe zote ni ubishi wa Simba na Yanga.

Marehemu baba yangu, Mnyamwezi wa Tabora aliyefanya kazi katika reli, alikuwa Simba. Mama yangu, Mzaramo aliyelelewa Ilala, ni Yanga wa kuzaliwa. Kwa kuwa Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, ndoa yao ilibeba utani wa aina mbili, wa kabila na wa mpira, nasi watoto tulikua bila kujua mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Siku ya mechi redio ya betri ilipandishwa juu ya kabati la vyombo, baba akakaa karibu na mlango, mama akaendelea kupepeta mchele kana kwamba hasikilizi; Yanga ikifunga, ungo ulikuwa umeshatua sakafuni kabla mtangazaji hajamaliza kutaja jina la mfungaji. Baba alikuwa na 6-0 za Julai 1977, siku Abdallah Kibadeni alipofunga matatu peke yake, na mama alikuwa na 5-0 za 1968. Mabao hayo yalitumika kama hoja hata katika mashauri yasiyohusu mpira, kwa mfano nani alisahau kununua mafuta ya taa.

Ajabu ni kwamba pale nyumbani Tabora hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameingia uwanjani kuzitazama. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa reli, na klabu zote mbili makao yake yako upande mmoja wa jiji, Msimbazi na Jangwani, mwendo wa kutembea kwa miguu. Lakini Kigoma, Songea na Bukoba nako watu wamegawanyika vilevile, tena ndani ya nyumba moja. Ushabiki wetu haufuati ramani, bali unafuata baba, mama, mjomba au yule shangazi aliyekununulia jezi ya kwanza.

Nilipohamia huku nilikuta jina nililolijua tangu utotoni, kwa sababu kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971 timu ya baba iliitwa Sunderland, na wazee wa rika lake waliendelea kuiita hivyo miaka mingi baadaye. Simba ilianzishwa mwaka 1936, na mwaka huohuo Sunderland ya Uingereza ilitwaa ubingwa wake wa mwisho wa ligi hadi leo. Rangi nazo ni zilezile, nyekundu na nyeupe. Jirani yangu, mzee aliyewahi kufanya kazi mgodini, alifurahi sana nilipomweleza hayo, ingawa nadhani hakuamini mpaka mjukuu wake alipotafuta kwenye simu.

Mzee huyo naye alirithi timu kwa baba yake, aliyeirithi kwa babu, na hakuna aliyemuuliza kama anaitaka. Mpaka hapo tunafanana. Tofauti ni kwamba timu yake ndiyo mji wake. Uwanja wa Stadium of Light, uliofunguliwa mwaka 1997, umejengwa palipokuwa na mgodi wa makaa ya mawe wa Monkwearmouth uliofungwa mwaka 1993, na nje yake limewekwa sanamu la taa ya mchimbaji. Timu iliposhuka hadi daraja la tatu mwaka 2018 na kukaa huko misimu minne, watu wapatao 30,000 waliendelea kwenda uwanjani, kwa sababu kuiacha timu kungekuwa kuuacha mji. Mtani wao, Newcastle, yuko mji wa jirani, na wakikutana, wageni husindikizwa na polisi na kuketishwa mbali na wenyeji. Nikieleza kwamba kwetu watani wa jadi wanalala kitanda kimoja na kuamka wakiulizana matokeo, hucheka wakidhani natia chumvi.

Sisemi kwamba kwetu ni bora kwa kila kitu. Mechi ya Simba na Yanga ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku yenyewe kutokana na mzozo kuhusu mazoezi ya Simba uwanjani usiku uliotangulia, na watu waliosafiri kutoka mikoani wakarudi walivyokuja. Huku uzembe wa namna hiyo usingevumiliwa. Na urafiki wa huku nao una mpaka wake: fujo zilipozuka mjini kwetu Agosti 2, 2024, dhidi ya wahamiaji na Waislamu, jengo likachomwa moto, tulijifungia ndani kama wahamiaji wengine, na jezi nyekundu na nyeupe iliyoning'inia nyuma ya mlango haikuwa na la kutusaidia.

Timu ya mji inanipa la kuzungumza na watu, nami nashukuru, lakini mahali ndani ya ukoo wanangu wamepewa na timu za Kariakoo. Binti yangu alichagua Yanga kwa ajili ya bibi yake. Yanga ilipoifunga Simba 5-1 mnamo Novemba 5, 2023, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya huku: "Mjomba, tano zinatosha au tuongeze?" Mjomba akajibu, shangazi akaingilia, na kwa siku kadhaa mtoto ambaye nilikuwa namlazimisha kuongea na ndugu zake akawa hashiki kitabu. Alipothubutu kumtania baba mkubwa vivyo hivyo, alinyamaziwa. Shangazi akamweleza pembeni kwamba baba mkubwa huamkiwa kwanza, utani baadaye, tena kama ameuanza yeye. Somo hilo nilikuwa nimelihubiri miaka mingi bila kusikilizwa.

Mwanangu wa kiume ni Simba na ni Sunderland, na mwezi Mei 2025 timu zake zote mbili zilicheza fainali katika mwisho wa wiki mmoja. Jumamosi tarehe 24 Sunderland iliifunga Sheffield United 2-1 pale Wembley kwa bao la dakika za nyongeza na kurudi Ligi Kuu, na mtaa wetu haukulala. Jumapili Simba ilitoka 1-1 na RS Berkane katika uwanja wa Amaan, Zanzibar, ikalikosa Kombe la Shirikisho la Afrika kwa kuwa ilikuwa imeshafungwa 2-0 kule Morocco. Majirani walikuwa bado wanaimba alipokuwa anafuta machozi. Haikupita nusu saa mama yangu akapiga simu kutoka Tabora, akasema anataka kumpa mjukuu pole, kwa sauti ambayo haikuwa na pole hata chembe. Mtoto akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamkumbusha kwa adabu zote kwamba Yanga nayo ilifika fainali hiyohiyo mwaka 2023 na kombe likabaki Algeria.