Punguza Wahusika, Usiguse Masharti

Ubishi wa kama filamu ifuate riwaya au isifuate hauishi, kwa sababu wabishi wanahesabu makumbi badala ya nazi. Huyu analalamika mhusika fulani hayumo, yule anasema nywele si za rangi iliyoandikwa. Riwaya ya majini na wachawi husimama juu ya masharti, kama dawa ya mganga: nani anaweza nini, kwa gharama gani, na mwiko ukivunjwa kinatokea nini. Filamu ikiyashika hayo, mengine mimi naisamehe.

Kukata hakukwepeki. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye kioo, hivyo filamu ya saa mbili ina kurasa kama 120, tena zenye maneno machache. Riwaya ya kurasa 400 haiingii humo hata uishindilie kwa mchi. Sisi wa Mtwara tunalijua hili kwa korosho. Anayebangua halilii ganda, maana lina mafuta yanayobabua vidole. Anachochunga ni korosho yenyewe isipasuke, kwani ikitoka vipande daraja linashuka na bei inaifuata.

Sasa tazama iliyopasuka. Peter Jackson alipoiongoza The Lord of the Rings, filamu tatu zilizotokana na riwaya ya Tolkien, kwenye ile ya kwanza ya mwaka 2001 alimwacha Tom Bombadil, yule mzee wa msituni asiyechoka kuimba. Sawa, hadithi haimtegemei. Tatizo ni kwamba aliondoka pamoja na makaburi ya kale ambamo, kitabuni, hobiti, wale watu wafupi wa hadithi hiyo, wanapata visu vyao. Visu hivyo vilifuliwa na watu waliopigana na mfalme mchawi wa Angmar, vikatiwa nguvu dhidi yake. Ndiyo maana Merry, mmoja wa hobiti hao, anapomchoma mfalme huyo nyuma ya goti kinga yake inakatika, na Éowyn, mwanamke mpiganaji, anapata nafasi ya kummaliza. Kwenye filamu ya mwaka 2003 choma ni ileile, ila kisu hakina asili yoyote. Banda zima linashangilia bila kujua kwa nini imewezekana. Ilihitajika sentensi moja tu, Aragorn, kiongozi wao wa safari, aitamke kule mwanzoni anapowagawia silaha.

Filamu ya tatu ya Harry Potter, ya mwaka 2004, ina pengo la namna hiyohiyo. Ramani inayoonyesha kila anayetembea shuleni ina majina ya utani ya walioitengeneza, lakini filamu haisemi ni akina nani. Kitabu kinasema: mmoja wao ni baba yake Harry, aliyekuwa na uwezo wa kujigeuza kulungu dume. Bila hilo, kulungu wa fedha anayetoka kwenye ncha ya fimbo ya uchawi ya Harry anabaki pambo zuri.

Kuongeza nako kuna hatari zake. The Hobbit, kitabu kimoja cha kurasa kama 300, kilivutwa hadi filamu tatu kati ya 2012 na 2014. Uji ule ulizidiwa maji.

Kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea filamu mtaani, mtafsiri anayeingiza sauti ya Kiswahili juu ya waigizaji huonekana ndiye mharibifu mkuu, kwa utani wake na majina anayobandika. Mimi simlaumu haraka. Akidokeza tu kwamba "kisu hiki kimesomewa", amerudisha alichokiacha mwongozaji mwenye mamilioni ya dola.

Na Shaaban Robert je? Katika Alfu Lela u Lela kuna kisa cha mtu ambaye ndugu zake wawili wamegeuzwa mbwa. Katika Adili na Nduguze (1952) ni manyani. Mnyama kabadilika, sharti limebaki palepale: Adili lazima awapige kila usiku, apende asipende. Huo ndio uaminifu ninaoutetea.

Mtu wa Lindi akitaka kujaribu, kisa cha Kilwa kinamngoja: mgeni aliyekuja kwa majahazi alikinunua kisiwa kwa mwenyeji wake kwa nguo ya kukizunguka chote. Idadi ya majahazi apunguze, mabaharia awe nao sita. Nguo ya kuzunguka kweli hataipata, na haihitaji. Jora tatu au nne zinatosha, apige picha za karibu za miguu ikiiburuta kwenye tope la mikoko, abadilishe upande na kurudia, kisha droni impe umbo la kisiwa. Achunge bamvua. Maji hukupwa mbali na kukupa uwanja mpana, lakini yakianza kujaa hayasubiri mtu akunje nguo, na nguo iliyolowa haifanani tena na ya picha ya jana.

Picha moja tu asiikate hata filamu ikizidi muda: ncha mbili za nguo zikikutana na kufungwa fundo. Zikipungua hata hatua moja, bei haijalipwa, na mwenyeji aliyehama kisiwani hakuuza, amenyang'anywa.