Saa janja za mviringo zinatunyima nafasi ya kusoma

Umbo la mviringo lilikuwa na maana katika saa ya mishale, kwa sababu ncha ya mshale huchora duara inapozunguka. Lakini kazi kubwa ya saa janja ni kuonyesha maandishi, na maandishi hupangwa kwa mistari iliyonyooka. Duara linaloenea barabara ndani ya mraba huchukua takriban asilimia 79 tu ya eneo lake, na hata katika nafasi hiyo mistari ya juu na ya chini hulazimika kufupishwa. Ndiyo maana ukiwa nyuma ya bodaboda pale Kondele, simu ikiwa mfukoni, ujumbe wa M-Pesa unakulazimu kuusogeza na kuusogeza tena kabla ya kuliona salio. Apple ilichagua mstatili wenye pembe zilizolainishwa mwaka 2015 na haijaliacha umbo hilo. Wauzaji wa hapa Kisumu hushikilia kwamba ya mviringo ndiyo inayopendeza na suti. Inapendeza kweli, hasa ikiwa imezimwa. Anayetaka pambo na anunue bangili, atuachie sisi wasomaji kioo chenye pembe nne.